Chombo na Shehena Yake

Mtu anayetaka kununua kompyuta ya kazi nzito za picha, sauti na usanifu wa vitabu aghalabu huanza kwa kuuliza ipi iliyo bora. Naona suali hilo limeanzia mwisho. Fundi wa majahazi huuliza kwanza chombo kitakwenda wapi na kitapakia nini, ndipo achague mbao.

Shehena yangu naijua. Ni kaseti za tungo alizozighani marehemu babu yangu, ambazo mama mdogo amezitunza kabatini miaka mingi. Ni daftari zake zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Na ni kitabu kinachotakiwa kutoka humo, pamoja na filamu fupi. Kaseti huchakaa. Baadhi ya hizi zimeanza kunata, na huenda zikakubali kuchezwa mara moja tu. "Mwanangu," aliniambia mama mdogo aliponikabidhi, "sauti hii haina ya pili."

Basi nikashika kalamu nikapiga hesabu. Saa moja ya sauti ya stirio, ikinaswa kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, hula takriban gigabaiti 2. Ukurasa wa A4 ukipigwa skana ya rangi kwa nukta 600 kwa inchi hufika kiasi cha megabaiti 100 kabla ya kubanwa. Daftari la kurasa 100, basi, ni gigabaiti 10. Hapo ikanidhihirikia kuwa kazi hii inataka mambo matatu: RAM ya gigabaiti 32, ili kurasa na picha nyingi zifunguke kwa pamoja, diski ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka, kwa ajili ya kasi, na kioo chenye rangi za kuaminika. Kioo huonyesha rangi kwa mwanga, ilhali mtambo wa chapa hutumia wino, na jalada linalong'aa kiooni huweza kutoka karatasini limefifia.

Kadi ya michoro ya bei kubwa, ambayo wauzaji huitanguliza, hufaa zaidi filamu na michoro ya pande tatu. Kupanga beti hakuihitaji. Dukani mimi niliomba kitu kingine: niandike kwa hati za Kiarabu neno lenye "p", kisha lenye "ch", kisha lenye "g", herufi ambazo alfabeti ya Kiarabu chenyewe haina. Fonti moja iliziunganisha vyema. Nyingine ikaziacha zimetengana kama watu waliogombana. Tatizo hilo halitibiwi kwa mashine ya ghali, bali kwa programu na fonti ziliyochaguliwa kwa makini.

Mpwa wangu alinishauri kompyuta ya mkononi, nyembamba na yenye nguvu. Hoja yake ina uzito: ningeweza kuvuka nayo hadi Pemba kwa wazee, na ina betri yake. Lakini kwa fedha zile zile nilipata kompyuta ya mezani inayofunguka na kuongezwa RAM, betri ya UPS, na diski mbili za nje. Sisi wa Unguja hatuhitaji kufundishwa habari za umeme. Mwaka 2008 tulikaa gizani takriban mwezi mmoja, kisha tukakaa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini umeme ukikatika ghafla wakati kaseti inachezwa kwa mara yake ya mwisho, dakika moja yatosha kuleta hasara isiyolipika. UPS hainipi siku nzima ya kazi. Hunipa muda wa kuhifadhi nilichokinasa na kuzima kwa utaratibu, nami sikutaka zaidi ya hapo.

Nimekosa wepesi wa kusafiri, na kwa wazee nitakwenda na kinasa sauti kidogo. Nimepata utulivu. Kompyuta hii nayo, kwa joto letu na chumvi ya bahari, itachakaa kabla ya daftari za babu. Kwa hiyo kila ninachokinasa hukaa mahali patatu: ndani ya mashine, katika diski iliyo mezani kwangu, na katika diski ya pili iliyo nyumbani kwa mama mdogo. Anayenunua mashine ya namna hii na atenge kwanza fedha za nakala, kisha kinachobaki ndicho anunulie kasi.