Gari Ivute Mbele, Nyuma au Zote Nne? Jamaa Alipata Jibu Kitonga

Kuna jamaa mmoja wa Goba, mtoto wa mjini kabisa, alikuwa na hela ya gari mkononi na ndinga tatu kichwani: Golf GTI, Mark X na Impreza. Golf inavuta kwa tairi za mbele, Mark X inasukuma kwa za nyuma, Impreza inavuta zote nne. Washkaji wakagawanyika kama Simba na Yanga.

Wa Mark X ndio walipiga kelele zaidi, na hoja wanayo. Tairi za nyuma zinasukuma, za mbele zinabaki na kazi moja tu ya kukata kona. Ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, gari inaondoka kama imerushwa. Wa Golf wakajibu: inayovuta mbele haina propela wala difu ya nyuma ya kuhudumia, na kwa foleni za Dar inatosha. Shida yake, tairi hizohizo mbili zinavuta na kukata kona. Ingia kona na moto mwingi uone: unakata usukani, gari inataka kwenda moja kwa moja.

Jamaa alikuwa anacheka nao, ila kuna kitu hakuwaambia.

Masika iliyopita aliazima Mark X ya mshkaji, akampeleka mchumba wake kwao Mufindi. Kwenye kona za Kitonga, mvua inanyesha, akakanyaga mafuta apite lori. Nyuma ikachomoka. Gari ikazunguka, ikasimama hatua chache tu kutoka bondeni. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo binti hajapanda tena gari akiendesha yeye. Wakitoka, anaita bodaboda. Harusi inakaribia, na mtu anaogopa kukaa kiti cha pembeni yake.

Kwa hiyo moyoni alishaamua: Impreza, zote nne, mchezo umeisha. Akamfuata fundi wake Ilala.

“Siku ile Kitonga, tairi za nyuma zilikuwaje?” fundi akauliza.

“Kipara kidogo, bro.”

“Na kile kitufe cha kuzuia kuteleza?”

Kimya. Alikuwa amekizima mwenyewe, ili gari icheze.

Fundi akaweka spana chini. “Sikia mdogo wangu. Zote nne zinakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama, kila gari inafunga breki kwa tairi nne, hata Golf, hata hiyo Mark X. Tatizo gari ikiondoka vizuri kwenye maji unajiona umeshinda mvua. Ukija kukanyaga breki, tairi kipara, mnaenda kwa Mungu wote.”

Kisha akamuuliza anaendesha wapi. Kila siku Goba hadi Posta. “Hapo hata inayovuta mbele inakutosha.” Na ukweni? Mara nne kwa mwaka, na ukishaiacha lami ni vumbi tupu, masika ni tope. “Hapo sasa zote nne zina kazi. Chukua kwa sababu ya tope, siyo kwa sababu ya Kitonga.”

Akampa na masharti. Siyo kila Impreza inavuta zote nne, zipo za mbele tu, kwa hiyo ingia chini ya gari uangalie. Mafuta inakula zaidi. Na tairi nunua nne kwa pamoja, saizi moja, maana ukichanganya mpya na zilizoisha unaua difu ya kati.

Hela ya rimu za kutambia ikaenda kwenye tairi.

Kazi kubwa ikabaki nyumbani. Usiku huo alimwambia mchumba wake kila kitu, mpaka habari ya kitufe. Binti hakujua. Alikaa kimya muda mrefu.

“Afadhali umesema,” akajibu mwishowe. “Tutaenda. Ila lori tunakaa nyuma yake mpaka lichoke lenyewe.”

Wakaenda. Kitonga wakakuta lori limebeba mbao, linapanda mwendo wa konokono. Jamaa akatulia nyuma yake, kona baada ya kona, Impreza na nguvu zake zote haijapita mtu. Alipogeuka kumwangalia binti, alikuwa amevua viatu, amelala fofofo.

Haya, gari yako inavuta wapi? Na tairi ulibadilisha lini?