Visiwa vya mashimo ya Ugiriki

Hapa Katanga Wagiriki tunawajua. Wazee wanakumbuka wale wa Kasenga, waliokuwa wananunua samaki ya Luapula na kuiuza mu kambi za Union Minière. Lakini wengi wetu hatujui kama inchi yao, ile Biblia inaita Uyunani, nayo ni inchi ya mashimo. Upepo ndio ulinionyesha.

Mwezi wa 8 rafiki mumoja alikuwa anatupeleka na boti ya matanga kutoka Lavrio mupaka kisiwa cha Milos. Kufika Serifos, ule upepo wanaita meltemi ukaanza. Musiwaze wingu nyeusi na mvua kama kwetu mwezi wa 11. Hapana! Mbingu iko safi, jua kali, na upepo unatoka kaskazini siku tatu, ine, wakati ingine juma nzima. Unakuja kila mwaka wakati wa joto, sababu hewa ya moto inapanda kule Uturuki, na hewa ya upande wa Balkani inakimbilia kule. Mwenye boti akafunga kamba, akakataa kutoka. Alikuwa na haki. Lakini feri kubwa, zile zinazobeba hata malori, zilikuwa zinapita bado, ingawa nazo wakubwa wa bandari wanazizuia upepo ukipita kipimo. Basi tukakata tiketi.

Mbele ya kupanda feri, tulivuka Serifos kwa njia ya milima mupaka Megalo Livadi. Kule walichimba chuma. Daraja la chuma, ambako vigari vilimwanga mawe ndani ya meli, lingali linasimama juu ya maji, kutu tupu. Nyumba ya wakubwa wa kampuni imebomoka. Karibu na pwani kuna jiwe la ukumbusho. Mwezi wa 8, mwaka wa 1916, wafanyakazi, wakiongozwa na Konstantinos Speras, walikataa kupakia meli. Masaa ya kazi yalikuwa marefu, na watu walikuwa wanakufa ndani ya mashimo. Askari wakapiga risasi, wafanyakazi wane wakaanguka. Wanawake nao waliingia vitani kwa mawe, na upande wa askari pia watu walikufa. Miaka ya 1960 kazi ikaisha. Leo kuna nyumba chache tu, mbuzi, na mahali pa kula samaki. Mutu aliyeishi Kipushi, ambako shimo lililala kutoka 1993 mupaka 2024, hana lazima ya kuelezwa ukimya wa namna ile.

Feri ikatupitisha Sifnos. Zamani sana kisiwa hiki kilikuwa na zahabu na feza, hata watu wake wakajenga nyumba ya hazina kule Delphi, miaka zaidi ya 500 mbele ya Kristo. Kisha, waandishi wa zamani wanasema, bahari ikaingia mu mashimo yao.

Milos ni habari ingine. Unapokaribia unaona milima imekatwa ngazi-ngazi, nyeupe sawa unga wa muhogo. Wanatoa perlaiti na bentonaiti mupaka leo. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita watu walikuwa wanavuka bahari kuchukua pale jiwe jeusi linalokata kama kioo, sababu limeonekana mu pango la Franchthi, bara ya Ugiriki. Na tangu 1998 muji wa Adamas uko na nyumba ya kuonyesha kazi ya mashimo: vyombo, mawe, picha za wafanyakazi. Niliwaza juu ya wazee wetu wa Gécamines. Nani amekusanya picha zao?

Siku ya tano upepo ukalala, tukarudi na feri kutafuta boti yetu. Nilikaa upande wa Sifnos, nikitazama kama nitaona mashimo yale yaliyoingiwa na maji. Lakini yako Agios Sostis, upande wa mashariki, na feri inapita magharibi.