Taa Kwanza, Breki Baadaye: Pikipiki za Ilongero

Huko Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida, ni nadra kuiona pikipiki ya bodaboda iliyobaki kama ilivyotoka kwenye boksi. Taa ya mbele imeshabadilishwa, pengine si mara moja. Gurudumu la mbele huenda lilikuwa la chombo kingine, na breki yake imekuja nalo. Mageuzi haya yamechukua zaidi ya miaka kumi na hayakufuata mpangilio ambao mhandisi angeupendekeza: watu walihangaikia taa kwanza, breki ikasubiri sana.

Pikipiki zilizozoeleka zamani katika vijiji vya Singida zilikuwa za kazi. Alizipanda bwana shamba, mtu wa mifugo, katekista, mganga wa zahanati. Zilikuwa Yamaha, Honda na Suzuki, za aina zilizonunuliwa na idara za serikali, misheni na mashirika kote Afrika Mashariki, kama Yamaha DT na AG100 au Suzuki TF125. Breki zake zilikuwa za dramu mbele na nyuma, na taa ilikuwa globu moja ya manjano. Baadhi zilitumia umeme wa volti 6, na mwanga wake ulitosha kumthibitishia mwendeshaji kwamba ng'ombe yupo barabarani akiwa tayari amemfikia. Hakuna aliyelalamika sana. Bwana shamba alirudi nyumbani kabla ya magharibi, na chombo chenyewe kilikuwa mali ya ofisi. Kama ni kubadilisha kitu, kilibadilishwa kwa kipuri cha aina ileile kutoka Singida mjini au Arusha.

Bodaboda ndiyo iliyogeuza mambo. Pikipiki nyingi zilizoibeba biashara hiyo mwanzoni zina asili moja. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki ya injini ya sentimita za ujazo 124 iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hupakizwa kupita kiasi na huangaliwa na fundi kwa nadra. Wachina waliunakili muundo huo kwa wingi, nao ndio uliofika Tanzania kwa majina kama SanLG, T-Better, Fekon na Kinglion. Baadaye zikaja za Kihindi, Boxer ya Bajaj na TVS. Mwaka 2010 serikali ilitunga kanuni zilizoruhusu pikipiki za magurudumu mawili na matatu kubeba abiria kwa leseni, na kijana aliyekuwa akibeba abiria kwa kujificha akawa na kijiwe kinachotambulika.

Kwa Ilongero, maana yake ilikuwa safari za usiku. Mgonjwa wa kukimbizwa hospitali ya Mtinko haulizi saa. Mfanyabiashara wa kuku huondoka alfajiri ili awahi basi. Siku ya mnada watu hurudi giza likiwa limeingia, na wakati wa mavuno ya alizeti magunia husombwa hadi usiku wa manane. Barabara za kwenda vijijini ni za vumbi na changarawe, zinakatwa na makorongo yenye mchanga unaohama kila masika. Hapo ndipo globu ya wati 35 ilipoanza kuonekana haifai kitu.

Kasoro ya taa hiyo haikuwa globu peke yake. Katika pikipiki nyingi za aina ya CG, taa kubwa haikuunganishwa na betri. Ilipata umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye koili zilizo ndani ya injini. Injini ikizunguka kwa kasi taa huwaka vizuri. Ikipunguza mzunguko mwanga hufifia. Matokeo yake ni kinyume cha mahitaji: mwendeshaji anaposhuka korongoni kwa gia ya kwanza, mahali anapohitaji kuona kila jiwe, ndipo taa inapolegea. Madereva walijifunza kushika klachi na kuvuta mafuta kidogo ili wapate mwanga.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kufunga globu yenye wati nyingi zaidi, jambo lililoleta hasara haraka. Koili haizai umeme zaidi kwa sababu globu imeongezwa nguvu. Iliyokuwa hafifu injini ikienda taratibu ikawa hafifu zaidi, na injini ikizunguka kwa kasi joto likaanza kuyeyusha kishikio cha plastiki na kubabua kioo cha nyuma ya taa. Kisha zikaja taa za LED, kwanza kama globu za kuchomeka, baadaye kama taa ndogo za pembeni zinazofungwa kwenye usukani au kwenye chuma cha kinga ya injini. LED hula umeme kidogo kwa mwanga mkubwa, ila inataka umeme wa betri. Ikifungwa kwenye waya wa koili humetameta, na haidumu.

Hapo ndipo kazi ya fundi umeme wa pikipiki ilipopata heshima. Hufungua kava la taa, akautafuta waya unaotoka kwenye koili kuja kwenye swichi, akaukata na kuufunga ncha kwa solotepu. Mahali pake huvuta waya mpya kutoka upande wa betri, kupitia fyuzi na swichi ya ufunguo, ili taa isiwake pikipiki ikiwa imezimwa. Fundi mvivu huiruka fyuzi. Fundi makini huenda mbali zaidi: huiangalia koili yenyewe na regulata, ahakikishe umeme uliokuwa ukiendesha taa ya zamani sasa unaingia kuchaji betri. Asipofanya hivyo hesabu hukataa. Betri ya saa-ampea 7 ikilisha taa ya wati 30 bila kuchajiwa huisha kabla ya saa tatu kupita, na asubuhi dereva hupiga kiki huku starta ikiwa bubu.

Mwanga mwingi nao ulizaa tatizo lake. Kioo cha nyuma ya taa hutengenezwa kwa kuzingatia mahali hasa uzi wa globu unapowaka. Vipande vya LED visipokaa mahali hapo, mwanga hutawanyika juu na pembeni. Aliye nyuma ya usukani huona barabara nyeupe, anayekuja mbele haoni kitu. Kwenye njia nyembamba ya kijijini anayepofushwa mara nyingi ni mtembea kwa miguu au mwenye baiskeli ya mkaa. Dawa ni rahisi: pikipiki husimamishwa mita kadhaa kutoka ukutani, dereva akiwa amekaa juu yake, taa huinamishwa mpaka sehemu kali ya mwanga iwe chini ya kimo cha taa yenyewe. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Taa bora iliongeza mwendo. Aliyekuwa akienda kilomita 40 kwa saa usiku akaanza kwenda 60, na breki ilikuwa ileile. Kwenye changarawe, tairi ikishika kwa kiasi cha kawaida na dereva akichukua sekunde moja kushtuka, pikipiki ya kilomita 40 husimama ndani ya mita 27 hivi. Kwa kilomita 60 hutaka zaidi ya mita 50, tena kwa breki nzima. Hilo halikuzungumzwa sana vijiweni, pengine kwa sababu taa mpya huonekana na watu wote lakini breki mpya huijua mwenye nayo tu.

Breki ya dramu ni kifaa kizuri kikitunzwa. Waya unapovutwa huzungusha kamu, kamu hutanua viatu viwili, viatu husugua ndani ya haba. Imefunikwa, hivyo vumbi haliingii kirahisi. Viatu vikiisha, wengi Ilongero hawakununua vipya mara moja. Walikunja kipande cha bati, wakakiweka kati ya kamu na kiatu ili kitanuke tena. Ujanja huo huongeza wiki kadhaa, lakini kamu ikizidi kuzunguka huweza kupinduka na kuganda, na gurudumu likafunga likiwa mwendoni. Wengine waliing'oa kabisa breki ya mbele kwa imani kwamba inaangusha. Imani hiyo ina chanzo chake, kwani gurudumu la mbele likifunga kwenye mchanga pikipiki huteleza papo hapo. Lakini chombo kinapopunguza mwendo uzito mwingi husukumwa mbele, na breki ya nyuma peke yake, ikiwa na abiria wawili na gunia, hufanya kazi isiyomalizika.

Breki ya diski ilifika kupitia pikipiki mpya na za ajali. Ulimwenguni haikuwa jambo geni: Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo iliyoifanya diski ya mbele kuwa ya kawaida kwenye pikipiki za viwandani. Ilongero iliingia kama spea. Chombo kilichogongwa nyuma, shokapu za mbele zikabaki nzima, huuzwa vipande, na gurudumu lenye diski huondoka pamoja na kalipa, mpira wake na masta. Hapa hakuna njia ya mkato. Mguu wa shokapu wa diski una masikio ya kushikia kalipa. Wa dramu una jino linaloizuia sahani ya breki isizunguke. Ukichukua gurudumu bila miguu yake, ama kalipa haina pa kufungwa, ama, kwa anayerudi upande wa dramu, sahani haina pa kujishikiza. Sahani isiyo na kizuizi ikibanwa huzunguka na gurudumu, ikaviringisha waya wa breki kwenye ekseli. Mafundi walioliona hilo likitokea hawakubali tena kufunga nusu nusu.

Kisha kuna kutoa upepo. Kikombe cha masta hujazwa mafuta ya breki, mkono hubanwa mara kadhaa na kushikiliwa, nati ndogo ya kalipa hulegezwa, mapovu hutoka kwenye kimpira kilichotumbukizwa chupani, nati hukazwa kabla mkono haujaachiwa. Hurudiwa mpaka mkono uwe mgumu. Ukibaki na ulaini, hufungwa kwa mpira wa tyubu usiku kucha ili mapovu ya mwisho yapande. Kosa linaloua kazi yote ni kujaza oili ya injini pale mafuta ya breki yanapokosekana: sili huvimba, breki hushika na haiachii.

Wapo waliorudi kwenye dramu, nao si wajinga. Mchanga wa Singida husaga pedi na kuchora diski, na sili ya masta ikipasuka mbali na mjini chombo hulala siku kadhaa huku hesabu ya bosi mwenye pikipiki ikiendelea. Viatu vya dramu hupatikana hata kwenye duka linalouza pia sukari na vocha.

Kubadilisha taa si jambo la Ilongero peke yake. Uingereza, miaka ya 1980 na 1990, vijana walizivua pikipiki za mashindano plastiki zilizovunjika na kufunga taa za duara, mtindo ambao viwanda viliufuata baadaye. Triumph Speed Triple ya 1997 ilitoka na taa mbili za aina hiyo. Wale walibadilisha taa kwa kuwa kava lilikuwa limekufa na breki zao zilikuwa kali tangu kiwandani. Fundi wa Ilongero hulazimika kuvitafuta vyote viwili.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka breki na taa zinazofanya kazi, na faini ya pikipiki kwa kila kosa ilitangazwa kushuka kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya Juni 2021. Trafiki huiona taa iliyokufa kwa macho; breki ni mpaka aijaribu. Kadi ya usajili nayo huandika namba ya injini, namba ya fremu na rangi, haisemi lolote juu ya gurudumu la mbele lililotoka kwenye Boxer wala taa iliyohamishiwa kwenye betri. Kwa hiyo anayenunua pikipiki iliyotumika hufungua kifuniko cha masta kuangalia rangi ya mafuta, huzungusha gurudumu hewani akisikiliza, kisha huwasha taa injini ikiwa inanguruma taratibu aone kama inafifia.