Ukoko mweupe ndani ya tangi letu: si sumu, na si wote wa kukwanguliwa

Masereka, Lubero. Tangu kiangazi hadi sasa mvua zimerudi, swali moja linanifuata sokoni, kanisani, hata njiani nikiwa juu ya pikipiki: ule weupe ulioganda ndani ya tangi la sima pale shuleni ni kitu gani? Wenyeji wananiuliza. Wandugu waliokimbia vita wananiuliza. Jibu likichelewa, uvumi hauchelewi. Kwa hiyo nimeandika niliyoyaona na niliyojifunza, ili anayesoma asome na asiyesoma asomewe.

Tangi lenyewe wengi mnalijua. Limejengwa kwa matofali, likapigwa lipu ya sima ndani, na linapokea maji ya mvua kutoka kwenye mabati ya shule. Likijaa lina lita 10,000 hivi, yaani bidoni 500 za lita 20. Zamani lilikuwa la wanafunzi na walimu. Lakini tangu mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 na watu wa Kirumba, Kayna na vijiji vya kando wakapanda barabara kuja huku kaskazini, limekuwa la kila mtu. Mama mkimbizi anapanga bidoni yake nyuma ya bidoni ya mwenyeji wake. Kiangazi kikikaza na chemchemi ya bondeni ikipungua, foleni huanza kabla ya jogoo kuwika.

Kiangazi kilichopita maji yalishuka sana, na ukuta ukaonekana. Ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo na mgumu kama jiwe, umejipanga mistari mistari kufuata kimo cha maji. Kwenye robine ulining'inia kama nta ya mshumaa. Siku mbili hazikupita, maneno yakazaliwa. Mmoja akasema ni dawa iliyotupwa usiku na watu wabaya. Mwingine akasema ni sabuni ya wakimbizi, kwamba wanafua nguo juu ya tangi. Wa tatu akasema ndiyo inayowaharisha watoto. Nilimkuta mama mmoja aliyetoka Kirumba amekaa pembeni, bidoni yake tupu. Nilipomuuliza kwa nini hachoti, akasema: "Baba, wananitazama. Nikichota leo, mtoto wa mtu akiugua kesho, nitasema nini?"

Kwa hiyo halikuwa tena jambo la ukuta peke yake.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja fundi mwashi, aliyejenga matangi mengi upande wa Butembo kabla ya magoti kumkataa. Hakutoa hotuba. Aliomba ndimu, akavunja kipande cha ule ukoko, akakiweka juu ya jani la mgomba na kukikamulia ndimu mbele ya watu wote. Kikatoa povu, vipovu vidogo kama vya bia. "Hii ni chokaa," akasema. "Imetoka ndani ya ukuta wenyewe. Hakuna aliyeileta."

Nikamwomba anieleze polepole, na maelezo yake ni haya. Sima hutengenezwa kwa mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo kwa moto mkali. Sima nyingi tunayonunua hupitia Kasindi ikitoka Uganda. Kule Hima, upande wa Kasese, kiwanda kiliwekwa karibu na machimbo ya mawe hayo. Fundi anapochanganya sima na maji, inakuwa ngumu, lakini ndani yake inabaki chokaa nyingine ambayo haijatulia. Maji ya mvua nayo hayajapita kwenye udongo wala kwenye mwamba, hayajabeba kitu. Mzee anayaita maji yenye njaa. Yakikaa ndani ya sima yanailamba ile chokaa na kuichukua. Kisha hewa inayogusa maji, yenye gesi ile ile tunayoitoa tunapopumua, inakutana na chokaa hiyo na kuigeuza kuwa jiwe tena. Jiwe hilo linagandia ukutani, linagandia kwenye robine.

Ni jiwe la aina moja na ganda la yai na ganda la konokono. Aliyewahi kufika kwenye mapango ya Mont Hoyo, kule Ituri, ameona mawe yanayoning'inia kutoka juu kama meno. Yale pia ni chokaa iliyobebwa na maji, tone kwa tone, kwa miaka isiyohesabika. Ya kwetu ni mtoto mdogo wa yale.

Hata wenye hoteli zilizo na pisine wanalijua tatizo hili. Pisine iliyopigwa lipu nyeupe huota ukoko pembezoni, pale maji yanapokutana na hewa. Wao huusugua kwa jiwe jepesi la volkeno, au hupaka asidi iliyopunguzwa kwa maji mengi. Lakini maji ya pisine hayanywewi, na mwenye pisine ana pesa za kupiga lipu upya. Sisi hatuna.

Je, ukoko huu unaleta ugonjwa? Chokaa peke yake, hapana. Shirika la Afya Duniani, OMS, halikuweka kikomo cha afya kwa chokaa ndani ya maji ya kunywa. Mifupa yetu yenyewe imejengwa kwa madini hayo hayo. Kinachoharisha watoto ni uchafu: majani na mavi ya ndege kwenye mabati, mfuniko uliopasuka, ndoo inayowekwa chini kisha ikatumbukizwa ndani. Hata hivyo ukoko si wa kuachwa tu. Una mikwaruzo na matundu, na utelezi wenye vijidudu hujificha humo. Pia maji yaliyobeba chokaa nyingi huwa na ladha ya majivu, na klorini tunayotia hupungua nguvu ndani ya maji ya namna hiyo. Kwa hiyo kusafisha kulihitajika. Swali lilikuwa namna gani.

Vijana walikuja na bidii yao. Mmoja alileta patasi na nyundo. Mwingine alileta chupa ya maji ya betri, akasema yatakula weupe wote kwa saa moja. Mzee alimwomba ile chupa kwa upole, akaiweka mbali na watoto. Akasema asidi haijui kutofautisha: ikimaliza ukoko inaanza lipu, kwa kuwa vyote viwili ni ndugu. Asidi ya betri ni mbaya zaidi, maana hubaki ndani ya sima na kuifanya ivimbe na kupasuka, na ikitoka kwenye betri iliyotumika inabeba risasi, ambayo ni sumu ya kweli. Na kuna jambo ambalo kila nyumba ilijue: asidi ikikutana na javeli hutoka moshi unaochoma mapafu. Ndani ya tangi, mtu hawezi kukimbia moshi huo.

Halafu akatuonyesha kitu ambacho sisi sote tulikuwa tumekipita bila kukitazama. Upande wa magharibi wa ukuta kulikuwa na mstari mweupe mwembamba, umepinda kama mto kwenye ramani, kutoka katikati hadi karibu na msingi. Vijana walikuwa wameanza kuukwangua. "Hapo msiguse," akasema. Ule ulikuwa ufa. Zamani maji yalikuwa yakitoka hapo kidogo kidogo, na chokaa iliyobebwa na maji ikaganda ndani ya ufa hadi ikauziba. Ufa mwembamba kama unywele sima huweza kujifunga wenyewe namna hiyo. Ufa mpana hauwezi. Mtu akiukwangua kwa patasi, tangi linaanza kuvuja tena, na lita 10,000 zinaweza kwenda chini ya mwezi mmoja huku tukisema tumesafisha. Akachukua kipande cha kaa, akachora duara kubwa kuzunguka mstari ule.

Salongo ilifanyika Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti, kabla ya mvua. Walikuja wenyeji, walikuja wakimbizi, na yule mama wa Kirumba alikuja na binti zake wawili. Tulifanya hivi:

Kwanza, maji yaliyobaki yalitolewa yote na kugawanywa kwa ajili ya kufua na kumwagilia poaro, si kwa kunywa.

Pili, mfuniko ulifunguliwa tangu asubuhi ili hewa ipite. Hakuna aliyeingia peke yake: mmoja ndani, wawili juu wakiwa wameshika kamba. Mashine ya petroli isiwekwe ndani ya tangi hata kidogo, kwa sababu moshi wake unaua bila kunusika.

Tatu, ukuta ulisuguliwa kwa burashi ngumu ya nailoni na maji. Ukoko laini ulitoka. Uliokuwa mgumu mno na laini usoni uliachwa. Robine ilifunguliwa ikalowekwa ndani ya ndoo yenye maji na ndimu nyingi usiku kucha. Asubuhi ukoko ulitoka kwa kidole.

Nne, uchafu wote wa chini ulitolewa kwa ndoo na kitambaa, ukuta ukasuuzwa mara mbili.

Tano, mtu wa usafi kutoka kituo cha afya alipima klorini yeye mwenyewe, ukuta ukapakwa, ukaachwa, kisha ukasuuzwa. Kipimo hicho ni kazi yake. Tusikisie kwa kijiko cha jikoni.

Mvua za Septemba zilipoanza, maji ya siku ya kwanza yaliachwa yamwagike, kwa kuwa ndiyo yanayoosha mabati. Tangi sasa limejaa zaidi ya nusu, na mstari wa magharibi haujatoa hata tone.

Siwezi kusema maneno yote yamekwisha. Yupo mtu ambaye bado anapita mbali na tangi akitikisa kichwa. Lakini ufunguo wa mfuniko sasa uko kwa watu wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, na hawafungui mmoja bila mwenzake. Wazo hilo lilitoka kwa akina mama wenyewe, wenyeji na wageni, walipokuwa wakisuuza ndoo.

Kwa walio na matangi ya sima nyumbani: tangi jipya lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kunywea, hadi ladha ya majivu iishe. Ukiona weupe, weka tone la ndimu kabla ya kumshuku jirani. Na hata maji yakionekana safi, ya kunywa yachemshwe. Huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kwa hiyo yakianza kutokota uyaache kwa dakika tatu. Birika likiota ukoko, chemsha humo maji yenye ndimu, uyamwage.

Bado tunatafuta mfuniko mpya na kipande cha mfereji wa bati, mita nne hivi. Mwenye navyo, au mwenye ubao mzuri, avilete shuleni Jumamosi asubuhi. Mzee fundi atakuwepo. Ameomba tu aletewe kiti.