Mayi iko natokea wapi?

Nyumbani kwetu Kampemba, ukuta wa chumba cha kulala ulianza kulowa chini. Nilimshitaki mdogo wangu kwa mama: anamwaga maji akioga. Alilia, nami nikarudi kwenye fonolojia yangu.

Fundi alipofika hakugusa ukuta. Aliuliza, "Mayi iko natokea wapi?" Kichwani nilianza kumsahihisha: maji yanatokea, ngeli ya sita. Yeye alifunga robine zote, akaenda kutazama mita. Kigurudumu kilikuwa bado kinazunguka. Akafunga vali ya bafu, kikasimama. Basi kosa lilikuwa kwenye bomba za bafu.

Alibandua kigae kimoja nyuma ya robine. Kwenye kiungo, utepe wa tefloni ulizungushwa kinyume cha nyuzi za skrubu, na ulipokazwa ukafunguka. Maji yalifuata bomba, yakashuka, yakajitokeza mbali na tundu lake.

Kabla ya kubandika vigae, alisema, jaza bomba, ziache zikae na presha, kisha pitisha karatasi kavu kila kiungo. Na uache kidirisha, ili kesho usivunje ukuta.

Darasani tunafundishwa kwamba umbo tunalolisikia huenda limetoka mbali. Nyumbani niliona alama, nikataja mwenye kosa. Mwenye ngeli "mbovu" ndiye aliyeuliza swali langu.

Jioni nilimwomba mdogo wangu msamaha. Alijibu, "Yaya, nilikuambia."