Matanga Hayajaanuliwa, Sheria Imeshapita

Newark, New Jersey

Shemeji,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na nimeusikiliza hadi mwisho ingawa ulikuwa mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Unasema sisi tulioko Marekani tumezoea kudai haki hata pasipostahili. Kwamba taifa likipigwa, watu wakae kimya serikali ifanye kazi yake. Na kwamba mwenye usafi wake haogopi kupekuliwa. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini niandike, maana kwenye simu wewe hukubali kukatizwa.

Kwanza nikubaliane nawe, usije ukasema nimesahau nilikotoka. Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa, na wewe na mimi tulikuwa Dar. Pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, Barabara ya Laibon, walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, nako ubalozi wao ulikolipuliwa siku hiyohiyo, walikufa 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wapita njia. Anayedai kwamba ugaidi ni hadithi ya watawala, sina muda naye. Serikali ina wajibu wa kuwasaka wauaji, na ina wajibu wa kuwawahi kabla hawajaua. Hapo hatuna ugomvi.

Ila hebu kumbuka jinsi waliolipua Dar na Nairobi walivyohukumiwa, kwa sababu watu wengi huko nyumbani wamelisahau jambo hili, na huku ndiyo kabisa. Washtakiwa wanne walifikishwa mbele ya mahakama ya kawaida mjini New York. Walikuwa na mawakili waliolipwa na serikali ileile iliyowashtaki. Mmoja wao, Khalfan Khamis Mohamed, ni Mtanzania mwenzetu, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema baadaye kwamba serikali yake ilivunja sheria ilipomkabidhi kwa Wamarekani bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Jopo la raia wa kawaida lilisikiliza ushahidi kwa miezi kadhaa, na Mei 2001 likawatia hatiani wote wanne. Wakafungwa maisha.

Sasa tazama siku waliyosomewa adhabu: 18 Oktoba 2001. Yaani wiki tano baada ya minara ya New York kuanguka Septemba 11, mahakama ikiwa mwendo wa miguu tu kutoka kwenye kifusi ambacho bado kilikuwa kinafuka moshi. Hakimu aliingia, akaketi, akafuata utaratibu, akawafunga. Siku nane baadaye Rais Bush alitia saini sheria ya kupambana na ugaidi iitwayo Patriot, kana kwamba nchi hii haikuwa na chombo chochote cha kumshughulikia gaidi.

Msiba wenyewe ulikuwa mkubwa, sikatai. Watu 2,977 waliuawa asubuhi moja, na moja ya zile ndege nne iliruka kutoka hapahapa Newark. Lakini matanga yalikuwa hayajaanuliwa, sheria imeshapita. Siku ya tatu tu, Bunge lilimpa Rais idhini ya kutumia nguvu za kijeshi, na katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1. Huyo mmoja, Barbara Lee wa California, alitishiwa kuuawa hadi akawekewa walinzi. Patriot nayo ilichukua siku 45 tangu shambulio. Katika Seneti ni Russ Feingold wa Wisconsin peke yake aliyeikataa, 98 kwa 1. Hapakuwa na nafasi ya kuisoma kifungu kwa kifungu, na mbunge aliyeomba muda alionekana kama anawatetea wauaji.

Jambo moja la busara walilifanya. Baadhi ya vifungu viliwekewa ukomo: mwisho wa mwaka 2005 vingekufa vyenyewe kama Bunge halikuviongezea muda. Bunge likaviongezea. Mwaka 2011 vilikaribia tena kufa usiku wa manane, Rais Obama akiwa Ufaransa mkutanoni, na saini yake ikawekwa na mashine huku Washington ili visilale mauti. Mashine, Shemeji! Jambo lililoitwa la dharura mwaka 2001 miaka kumi baadaye lilikuwa limezoeleka kiasi cha kusainiwa na chuma.

Unajua nani walikuwa miongoni mwa waliogoma mapema? Wakutubi. Watu wapole, wenye miwani ya kamba shingoni. Mwaka 2005, wanne kati yao huko Connecticut walipata barua ya FBI iliyotaka kumbukumbu za watumiaji wa kompyuta za maktaba. Barua haikuwa na saini ya hakimu, na iliwakataza kumwambia mtu yeyote kwamba wameipokea. Wakaenda mahakamani bila kutaja majina yao. Wakati huohuo Bunge lilikuwa linajadili kuirefusha sheria, na mawaziri wanawaambia wabunge kwamba hakuna aliyeonewa. Watu wanne waliokuwa na jibu walikuwa wamezibwa mdomo kisheria. Serikali iliwaachia waseme mwaka 2006, majuma machache baada ya sheria kurefushwa.

Halafu likaja la simu. Juni 2013 tulifahamu, kupitia nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden, kwamba serikali ilikuwa inakusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Simu zetu za Jumapili, mimi na dada, huenda zilikuwamo, maana za nje ya nchi nazo zilihesabiwa. Sitaki kulia kwa hilo. Nataka ujue tu matokeo. Bodi rasmi ya serikali iliyopewa kazi ya kuuchunguza mpango ule iliripoti Januari 2014 kwamba haikupata tukio hata moja ambapo mpango huo ulileta tofauti ya maana katika upelelezi wa ugaidi dhidi ya Marekani. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikasema sheria haikuwahi kuuruhusu, na Bunge likaufuta.

Sasa nije kwenye huo usafi wako.

Polisi wa New York walikuwa na kitengo cha kuwafuatilia Waislamu. Hawakufuatilia washukiwa, walifuatilia Waislamu. Walivuka mto wakaja mpaka huku New Jersey, ambako hawana mamlaka yoyote, na mwaka 2007 wakaandika ripoti kuhusu Newark: kurasa 60, zenye picha za misikiti, ramani, na orodha ya maduka na migahawa, kila mmoja na asili ya mwenyewe. Waandishi wa shirika la habari la AP waliipata na kuitoa hadharani. Kwenye kurasa zote hizo hapakuwa na ushahidi wa ugaidi wala wa kosa lolote la jinai. Anayeuza kuku, anauza kuku. Anayefungua msikiti saa kumi alfajiri, anafungua msikiti. Mwaka 2012 afisa mkuu wa polisi alihojiwa chini ya kiapo, akakiri kwamba katika miaka sita kazi ya kitengo kile haikuzaa hata upelelezi mmoja wa ugaidi. Kilivunjwa mwaka 2014.

Hao wote walikuwa na usafi wao, Shemeji, na hakuna aliyekutwa na kitu. Lakini njoo ukae nasi baada ya swala ya Ijumaa uone kilichobaki. Mgeni akiingia akawa mchangamfu kupita kiasi, anauliza huyu katoka wapi na yule ana maoni gani kuhusu vita fulani, utaona watu wanaanza kutafuta viatu vyao mmoja mmoja. Labda maskini ni mtu mpweke tu anayetafuta marafiki. Vijana wa chuo wameambiwa na mama zao wasijiandikishe kwenye jumuiya za wanafunzi Waislamu. Na kijana akianza kuongea maneno ya ajabu, nani atampigia simu polisi, wakati anajua jina lake mwenyewe litaandikwa juu ya jina la kijana? Polisi walijinyima masikio ambayo wangeyapata bure. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko hata aibu ya kuchunguliwa.

Na mimi pia nimepekuliwa, kama unataka kujua. Niliporudi huku baada ya msiba wa Bibi, pasi yangu ya kupandia ndege ilichapwa herufi S nne mfululizo. Anayezipata hizo huvutwa pembeni. Kijana mmoja mwenye adabu nzuri kabisa alinipangusa viganja kwa kitambaa cha kupimia baruti, kisha akafungua begi na kutoa kila kitu: dagaa wa Kigoma, khanga za watoto, mwisho paketi ya ubuyu. Akaugeuza ule ubuyu mwekundu, akaunusa, akamwita mwenzake naye anuse. Abiria wengine wote walishapanda ndege. Niliuliza kosa langu nini, nikaambiwa kompyuta ndiyo iliyochagua. Nilivumilia, na ningevumilia tena. Kupekuliwa begi si kuteswa. Nalisema ili usinieleze habari za usafi kana kwamba kompyuta inaujua.

Wapo waliopata makubwa zaidi, na ni watu wetu. Suleiman Abdullah Salim, mvuvi Mtanzania, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akaishia kwenye gereza la siri la CIA huko Afghanistan, akateswa. Mwaka 2008 walimwachia na karatasi inayosema si tishio kwa Marekani. Alishtaki yeye na wenzake, si serikali bali wanasaikolojia wawili waliobuni yale mateso, na mwaka 2017 kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Yupo pia Mkenya aliyekamatwa Mombasa Februari 2007 na kupelekwa gereza la kijeshi la Marekani huko Guantanamo, akarudishwa kwao Desemba 2024. Marekani ilimtuhumu kushirikiana na al-Qaeda. Sawa, ilikuwa na miaka 17 ya kulithibitisha hilo, na haikumfungulia shtaka hata moja.

Lakini tuseme huwahurumii watuhumiwa. Wahurumie wafiwa. Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa ndiye aliyepanga mashambulio ya Septemba 11, alikamatwa Machi 2003. Badala ya kupelekwa mahakama ileile iliyowafunga wale wa Dar na Nairobi, alifichwa magereza ya siri, akamwagiwa maji usoni hadi karibu kukata roho mara 183 kwa hesabu za CIA wenyewe, kisha akapelekwa kwenye mahakama maalumu ya kijeshi Guantanamo. Ninavyoandika, kesi yake haijaanza kusikilizwa. Mawakili wanabishana kuhusu ushahidi uliopatikana kwa mateso, majaji wanastaafu wanakuja wengine, na wazazi waliopoteza watoto wao kwenye ile minara wanazeeka na kufa bila kusikia hukumu. Mfiwa wa Nairobi aliisikia ndani ya miaka mitatu na ushee. Njia ndefu ya mawakili na taratibu ndiyo iliyofika mapema.

Mwaka 2009 walijaribu tena mara moja: walimtoa Guantanamo Mzanzibari, Ahmed Khalfan Ghailani, wakamfikisha mahakama ya kawaida New York kwa ajili ya mabomu ya 1998. Jopo lilimwona na hatia katika shtaka moja kati ya 285. Wanasiasa wakapiga kelele kwamba mahakama ni legelege. Kwa hilo shtaka moja alifungwa maisha.

Utaniambia hayo ni ya Marekani. Ya kwetu je? Tulitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, mwaka mmoja tu baada yao. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa rumande kwa tuhuma za ugaidi tangu mwaka 2014 hadi Juni 2021, kosa lenyewe halina dhamana, kisha Mkurugenzi wa Mashtaka akafuta mashtaka wakarudi Zanzibar. Mwezi uliofuata Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani wakati huo, akashtakiwa kwa sheria ya ugaidi, na Machi 2022 mashtaka yakafutwa. Katika kesi zote mbili hukumu haikutolewa, kwa hiyo hatukuthibitishiwa kwamba walikuwa magaidi, wala hakuna aliyewajibika kwa muda waliokaa ndani. Wakenya angalau walipigana. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, wabunge wao walirushiana ngumi na kumwagiana maji wakipitisha marekebisho ya sheria za usalama, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu 8. Mahakama haikuifuta sheria nzima, na serikali ya Kenya haikubaki mikono mitupu.

Kwa hiyo, Shemeji, sikuombi uchague uhuru uache usalama. Unafahamiana na mbunge wako, mnakunywa kahawa pamoja. Siku muswada wa namna hii ukiletwa kwa hati ya dharura, muulize unakoma lini, mtu aliyekamatwa atamwona hakimu baada ya saa ngapi, na nani atakuja bungeni kila mwaka kueleza umemkamata gaidi gani. Akikujibu kwamba mwenye usafi wake haogopi, mpe namba yangu. Na umuulize kabla ya kura kupigwa. Baada ya hapo tutakuwa tunasubiri kama Bunge la huku lilivyosubiri, na hilo angalau lilikuwa na tarehe ya ukomo.

Msalimie dada na watoto. Jumapili nitapiga.

Shemeji yako,
Newark