Mzazi, si Kila Riziki Hupitia Chuo Kikuu

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba za huku kwetu Nyeri hugawanyika makundi mawili. Kuna zile ambako kuku huchinjwa na majirani wakaalikwa chai, na kuna zile ambako redio huzimwa na kila mtu akashika shughuli zake kimyakimya. Kinachozitenganisha ni herufi moja na alama ya kujumlisha: C+, kiwango cha chini cha kuingilia chuo kikuu.

Hebu tuhesabu pamoja. Katika mtihani wa mwaka wa 2024, watahiniwa waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391, yaani kama robo moja tu ya wote waliofanya mtihani huo. Robo tatu walibaki nje ya mlango. Je, msomaji, tuseme kwamba robo tatu ya watoto wetu hawana faida? La hasha! Hata hivyo, ukisikiliza mazungumzo ya wazazi ndani ya matatu kutoka Karatina hadi mjini Nyeri, utadhani ndivyo ilivyo.

Mimi mwenyewe niliingia katika kazi hii ya kalamu kwa diploma ya chuo cha uandishi wa habari. Mpaka leo nina ami yangu ambaye huniuliza kila Krismasi nitarudi lini "kumaliza masomo". Simlaumu. Kizazi chake kiliona kwa macho kwamba aliyerudi kijijini na digrii alirudi pia na gari, nyumba ya mawe na mshahara wa serikali. Kwake yeye, digrii na riziki ni mtu na kivuli chake.

Lakini kizazi hicho hicho ndicho kilichojenga vyuo vya ufundi kwa harambee katika miaka ya 1970. Hapa Nyeri kilijengwa Chuo cha Teknolojia cha Kimathi, na wenzetu wa Murang'a, Kirinyaga na Meru wakajenga vyao. Nia ilikuwa kumpa kijana ujuzi wa mikono hapa hapa nyumbani. Leo vyote vinne ni vyuo vikuu: cha Kimathi kilipata hati yake mwishoni mwa 2012, cha Meru 2013, na vya Murang'a na Kirinyaga 2016. Ni jambo la kujivunia, sikatai. Ila limetufundisha, pasipo kutaka, kwamba chuo cha ufundi ni ngazi tu ya kufikia kitu kikubwa zaidi, na kwamba anayebaki kwenye ngazi ameshindwa.

Miaka michache iliyopita jambo hili lilifika nyumbani kwetu Mukurwe-ini. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipata C. Alikosa chuo kikuu kwa hatua moja. Ukaitishwa mkutano wa familia. Mmoja alisema arudie kidato cha nne. Mwingine alisema liuzwe shamba dogo la chini, lile lenye miche ya kahawa, apelekwe nje ya nchi. Msichana alipopewa nafasi ya kusema, alisema anataka kuwa mtu wa AI.

Siku hizi magazetini herufi hizo zina maana ya kompyuta zinazofikiri. Mukurwe-ini maana yake ni ng'ombe. Mtu wa AI ndiye anayempandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa, bila ya dume. Babu yake alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Msichana wa watu, atatembea boma hadi boma akifuata mikia ya ng'ombe?"

Swali hilo lilikuwa zito, na jibu lake limo katika kazi yenyewe. Ng'ombe huingia joto takriban kila siku 21, na joto hilo hudumu saa chache tu. Akionekana asubuhi, hupandishwa jioni. Akionekana jioni, hupandishwa asubuhi ya pili yake. Muda ukipita, mkulima amepoteza wiki tatu za kungoja, na wiki tatu za maziwa mbele ya safari. Ndiyo maana mkulima hapigi simu kwa mtu wa AI kuuliza kama ana nafasi. Hupiga kumwambia, "Njoo sasa hivi!" Mbegu nayo huwekwa ndani ya mirija midogo, katika mtungi wa naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Kuitoa, kuiyeyusha na kuifikisha mahali pake kunataka mkono uliofundishwa, si wa kubahatisha.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ndiyo iliyokuwa ikitoa huduma hiyo kwa bei nafuu. Ilipojiondoa, kazi iliangukia watu binafsi. Leo katika vilima hivi, ambako ng'ombe wa maziwa hufungwa zizini na kila tone huhesabiwa, ni riziki kamili.

Mpwa wangu alisoma miaka miwili katika chuo cha afya ya mifugo kule Ndomba, Kirinyaga. Akaongeza mafunzo mafupi ya kupandisha, kisha akaandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, ambayo kisheria huwasajili pia wasaidizi wa ngazi yake. Akakaa miezi kadhaa nyuma ya pikipiki ya mzee mmoja mzoefu, akibeba mtungi. Shamba la chini halikuuzwa.

Nilipomuuliza juu ya mapato, hakunijibu kwa maneno. Alinipa daftari. Mwezi mmoja mzuri alikuwa amepandisha ng'ombe 61, kwa wastani wa shilingi 1,500 kila mmoja. Hizo ni shilingi 91,500. Ukiondoa mbegu, naitrojeni, petroli, na wale ng'ombe waliokataa kushika akawarudia bila malipo, alibaki na zaidi ya 40,000. Mwezi uliofuata zilikuwa 29,000 tu. "Mjomba," akaniambia, "mvua ikikata barabara, na mimi nimekatwa."

Tulinganishe. Walimu wanagenzi walioajiriwa 2023 kufundisha sekondari ya chini, wakiwemo wenye digrii, walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Sisemi haya kuwadharau walimu. Nadhani walistahili zaidi. Nasema ili mzazi aache kuhesabu miaka ya masomo kana kwamba ndiyo mshahara.

Wala si ng'ombe pekee. Nanyuki na Timau kuna hoteli, mashamba ya maua na ranchi ambazo haziwezi kulala bila fundi wa umeme na wa pampu za maji. Barabara ya Kenol–Sagana–Marua, ya kilomita 84, ilipoanza kupanuliwa, waliohitajika mapema walikuwa waendeshaji wa tingatinga na mashine za kuchimbua. Katika zahanati zetu, anayekupokea na kukutibu mara nyingi ni muuguzi au tabibu mwenye diploma ya miaka mitatu kutoka chuo cha mafunzo ya udaktari, ambacho kina tawi mjini Nyeri.

Hata hivyo, nisimdanganye mtu. Si kila cheti ni mkate. Nimeona vijana waliotoka vyuo vya vichochoroni na karatasi yenye muhuri mkubwa, wasiweze kufunga waya wa taa moja. Nimeona pia mafundi hodari walionyimwa kandarasi kwa kukosa karatasi. Fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Nishati na Petroli hawi sawa na jirani yake anayeunganisha nyaya kwa kukisia, hata kama mikono yao ni sawa. Na anayejiajiri hana mwajiri wa kumkatia akiba ya uzeeni; asipoweka mwenyewe, atazeeka na spana mkononi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujauza ng'ombe au shamba, kaa na mtoto wako umuulize maswali matatu. Kwanza, kazi hii unayoitaka, ni nani atakayekupa leseni, na je, chuo hiki kinatambuliwa naye? Pili, utakaa chini ya nani kujifunza kwa mikono baada ya darasa? Tatu, ni nani atakayekupigia simu saa kumi na moja alfajiri, na kwa nini hataweza kungoja? Mtoto anayeyajibu maswali hayo yote matatu ana mpango. Asiyeweza kujibu hata moja, hata akiwa na A, bado anahitaji kuongozwa.

Milango ipo. Katika vyuo vya ufundi, kama vile politekniki za kitaifa za Nyeri na Meru, C- humwingiza mtu kwenye diploma na D kwenye cheti. Hata aliyepata E ana ngazi ya ufundi ya kuanzia, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani humpima fundi kwa kazi ya mikono yake, kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu nayo huwakopesha wanafunzi wa vyuo hivi pia; wengi hawaombi kwa kutojua tu.

Na kama baadaye mtoto atataka digrii, aende. Mpwa wangu tayari anaitamani, na safari hii karo itatoka katika lile daftari. Babu yake, kwa upande wake, haulizi tena habari ya mikia. Juzi alimpigia simu alfajiri: ng'ombe wake alikuwa kwenye joto. Alipandishiwa, na alilipa bei ile ile wanayolipa wengine.